Mkaja wa Sikudhani

Sogeeni karibu, na yule anayependa kuamua kesi za watu akae mbele kabisa, maana leo ana kazi.

Katika gereza moja la wanawake walikuwapo watatu. Penina, mfungwa aliyewahi kuwa mwalimu, angeweza kumfundisha hata mbuzi kusoma. Mwajabu, mfungwa mwenzake, alikuwa na mikono isiyojua kuchoka. Wa tatu ni askari wao, Afande Chiku, mtu wa maneno machache ambaye akiahidi ameahidi.

Hapo akaletwa Sikudhani, kifungo miaka minane, kwa kosa alilolitenda kweli. Nyumbani alimwacha binti yake, Tunu, kwa bibi. Bibi kwa aibu akamwambia mtoto kwamba mama yake amekufa. Habari hiyo ilipomfikia gerezani, Sikudhani akakonda. Hakujua kuandika, na yaliyokuwa moyoni mwake hayakuwa ya kumwambia mtu amwandikie.

"Basi utaandika mwenyewe," Penina akasema. Akamfundisha herufi kwa herufi katika darasa la gereza, mwaka mzima. Sikudhani akilia, Penina anamngoja amalize, kisha wanaendelea na silabi.

Lakini saa ya darasa ndiyo ilikuwa saa ya zamu ya Sikudhani jikoni. Mwajabu akaomba ruhusa amshikie zamu, akapewa. Mwaka mzima akasonga ugali wa watu mia mbili, huku akimtania: "Soma, dada. Usinirudie huku na nusu ya alfabeti."

Barua ikaandikwa, ukurasa mmoja wenye mistari iliyopinda. Ofisi ikaikagua, ikaipitisha. Kwa posta ingeishia mikononi mwa bibi. Afande Chiku akachukua likizo yake, akasafiri siku mbili, akamkabidhi Tunu mwenyewe. Msichana akasoma habari za siku uji ulipomuunguza kidole cha mguu, jambo walilolijua yeye na mama yake tu. Wiki iliyofuata alikuwa langoni mwa gereza.

Miaka ikapita. Wafungwa wakatoka, Chiku akastaafu, Tunu akaolewa, na Penina, Mwajabu na Chiku wakaalikwa harusini. Upande wa bwana harusi ukatoa mkaja, kitambaa cha heshima cha kufunga kiunoni, apewacho mama wa bibi harusi kwa kumzaa na kumlea. Sikudhani akasimama nacho.

"Kuzaa nilizaa mimi," akasema, "lakini mtoto nilishampoteza, ninyi mkanirudishia. Sijui niwashukuru vipi. Mkaja huu nampa mmoja wenu, maana mkaja haukatwi vipande."

"Bila mimi Afande angebeba karatasi tupu," Penina akasema, akicheka.

"Na barua isiyofika ina faida gani?" Chiku akauliza.

"Bishaneni tu," Mwajabu akasema. "Mgongo unaniuma mpaka leo, na mkaja nautaka, sifichi."

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, machozi yakimtoka, kwa kuwa wote walisema kweli na wote aliwapenda sawa.

Haya, nyie mliokaa hapa, mngeamua vipi? Mkaja huo ufungwe kiuno cha nani?