Kura ya Siri ya Jimbo la Mabondeni

Zamani za kale hizo, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba, wakipika uji na kutandika mikeka barazani, Nchi ya Wanyama ilikuwa na majimbo mengi. Kila jimbo lilijichagulia mkuu wake na baraza lake. Leo nawapeleka jimbo moja tu, Jimbo la Mabondeni, alikokaa Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo ka majabalini, mkia hakana, miguu mifupi, lakini akili zake hazilali. Huyu Bi Pimbi alikuwa mjane. Alikaa kata ya Mwambani pamoja na pimbi wenzake, na kila asubuhi alipokwenda kuteka maji, moyo ulimuuma.

Kwa nini umuume? Kwa sababu aliikumbuka Chemchemi ya Bubujiko ilivyokuwa utotoni mwake.

Siku zile chemchemi ilikuwa ya wote. Jua likipoa, jimbo zima lilishuka na vibuyu. Twiga alitanua miguu ainame anywe, na watoto wa swala wakapita chini yake mbio, fyuu! Akina mama waliteka maji polepole makusudi, ili habari za ndoa na uzazi zisiishe upesi. Na Mbogo? Mbogo alikuwa ndama mnene, mpole, mwenye pua isiyokauka. Alikuwa akipiga chafya majini, "Chyaaa!", maji yanaruka, watoto wote wanalowa na kuangua kicheko. Pimbi alikuwa akimpanda mgongoni, ameshika masikio yake kama usukani.

Basi Mbogo akakua. Pembe nazo zikakua. Akaanzisha Chama cha Pembe, akawa Mkuu wa Jimbo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuizungushia chemchemi ua wa miiba.

"Maji yatatunzwa na wenye pembe," alitangaza. "Wengine watakunywa yanayovuja nje."

Yaliyovuja nje, wanangu, yalikuwa tope lililotuama kwenye nyayo za kwato. Watoto wa digidigi waliharisha. Kobe wazee walikufa kwa kiu wakiwa njiani. Na Bi Pimbi alizika mume.

Mtasema, mbona hawakumwondoa kwa kura? Hee! Kura zenyewe zilikuwa za mlolongo. Anayemtaka Mbogo asimame nyuma ya Mbogo, anayemtaka mwingine asimame kule. Na pembeni alikaa Ngiri, mpambe wa Mbogo, akinoa meno yake kwenye jiwe, kwi, kwi, kwi, na kutazama nani amesimama wapi. Nani angethubutu? Kila uchaguzi karibu jimbo lote lilijipanga nyuma ya Mbogo, vichwa chini.

Mwaka ule Mhanga alitaka kusimama tena. Mhanga ni yule mchimbaji mwenye masikio marefu na aibu nyingi, ambaye mwaka wa ukame aliifukua chemchemi mpaka maji yakarudi. Chama chake kiliitwa Chama cha Chemchemi, na mara ya mwisho nyuma yake alisimama mama yake mzazi peke yake.

"Bi Pimbi," alisema Mhanga, "nadhani niache tu. Mama amezeeka, hawezi kusimama muda mrefu."

"Usiache," alisema Bi Pimbi. "Ngoja nikamsalimu Mbogo."

Akajifunga kanga yake, akaenda mpaka Malishoni, kata ya akina Mbogo.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," aliitikia Bi Mbogo, mke wa mkuu, akitoka jikoni na mwiko. Alipomwona mgeni, uso ukamchanua. "Ala! Bi Pimbi! Siku hizi hamji hata kututembelea?"

"Tulikuwa tukikutana chemchemini, shoga. Sasa tutakutanaje, na miiba ile?"

Bi Mbogo akatazama chini, akarudi kukoroga uji wake.

Mbogo alikuwa barazani, amejaa kiti. Bi Pimbi akapiga goti. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," alisema Mbogo, na wala hakuona haya, ingawa walikuwa rika moja. "Sema shida yako."

"Sina shida, Mkuu. Nimekuja kukupa pole kwa maneno ya watu."

Masikio ya Mbogo yakasimama. "Maneno gani?"

"Aa, basi. Si mazuri. Mdomo uliponza kichwa."

"Sema!"

"Mkuu, naogopa."

"SEMA!" Kikombe kikaanguka, pa!

"Wanasema..." Bi Pimbi akatazama nyuma, kana kwamba kuna anayesikiliza. "Wanasema Mbogo hajawahi kushinda uchaguzi. Wanasema zinazoshinda ni pembe zake. Ati zikikatwa leo, kesho hapati kura hata ya dawa. Mimi nikawaambia, nyamazeni! Mbogo anapendwa! Wakanicheka, wakaniuliza, una ushahidi gani? Nikakosa jibu, Mkuu. Nimelia njia nzima."

Mbogo akapumua kwa nguvu, fuuu! Akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Mimi napendwa, Pimbi. Hujasikia wanavyoniimbia?"

"Nimesikia sana. Lakini wanasema wanaimba kwa sababu Ngiri anawatazama."

"Basi Ngiri asiwatazame! Asiwatazame mtu yeyote! Kila mmoja apige kura peke yake, mafichoni, halafu tuone watasema nini!"

Bi Pimbi akashika mdomo kwa mikono miwili. "Lo! Mkuu! Akili hiyo umeitoa wapi? Mimi nisingeifikiria hata ningeishi miaka mia."

Ngiri, aliyekuwa amesinzia ukumbini, akakurupuka. "Mkuu! Mkuu, huu ni mtego!"

"Mtego wa nini?"

"Wakipiga kura mafichoni... wanaweza... yaani..."

"Wanaweza nini?" Mbogo akamsogelea mpaka pua zikagusana. "Unataka kusema sipendwi?"

Ngiri akatazama pembe zile. Mkia wake, unaosimama siku zote kama kijiti, ukalala. "Unapendwa, Mkuu. Unapendwa mno."

"Basi tangaza!"

Hivyo ndivyo kura ya siri ilivyoingia Mabondeni. Kila kata ilitafuta kichuguu kikubwa chenye uwazi ndani. Humo vikawekwa vibuyu viwili, kimoja kimechorwa pembe, kingine kimechorwa tone la maji. Mpiga kura apewe kokoto moja, aingie peke yake, alitie apendapo. Bi Pimbi akaomba vibuyu vitiwe mchanga chini.

"Mchanga wa nini?" aliuliza Ngiri.

"Makokoto yasivitoboe vibuyu, mwanangu. Vibuyu siku hizi si imara kama vya zamani."

Kumbe, wanangu, kokoto likianguka mchangani halilii. Hata aliyetega sikio nje hasikii kitu.

Lakini Ngiri naye hakuwa mjinga. Akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona, "Mkuu ana jicho la gizani. Ataona kokoto lako lilipoingia." Swala mmoja akaapa hatapiga kura kabisa.

Bi Pimbi akapita nyuma yake, nyumba zile zile. "Mwimbieni Mbogo," aliwaambia. "Mwimbieni mpaka koo zikauke. Mdomo mpe Mbogo, kokoto ni lako mwenyewe."

"Na hilo jicho la gizani?"

"Mnakumbuka usiku ule Mbogo alipotumbukia katika shimo alilochimba Mhanga? Jicho hilo lilikuwa wapi?"

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kuficha mdomo, lakini Bi Pimbi hakuwa amekisikia Mabondeni tangu ua ulipojengwa.

Basi kampeni ikaanza, na lo, nyimbo! Popote Mbogo alipofika, vumbi lilitimka. Akina mama walipiga vigelegele, "Lililililiii!" Tumbili walitundika maua kwenye pembe zake. Punda milia walimtungia wimbo wenye kiitikio kitamu mpaka Mbogo mwenyewe akawa anauimba akioga. Mkutano wa Mhanga ulihudhuriwa na mama yake, Bi Pimbi, na jongoo aliyekuwa akipita njia.

Mhanga akaja Mwambani, masikio yameanguka. "Umewasikia? Wanamwimbia kwa moyo."

"Nimewasikia."

"Na kama wanampenda kweli?"

Hata Bi Pimbi hakuwa na hakika. Kwa sababu alikuwa kwenye mkutano wa Malishoni siku ile, amebanwa katikati ya umati, na wimbo ule ulipopanda, hata yeye alijikuta anaucheza. Alimwona Mbogo juu ya jukwaa, amefumba macho kwa raha, na kwa nukta moja alimwona yule ndama wa zamani. Akajiuliza, na wenzangu je, wanaona nini? Mbogo akishinda, atajua hila ilitoka kwa nani. Pimbi wote watafukuzwa hata kwenye tope.

"Nenda kalale, Mhanga," alisema mwishowe. "Kokoto haliimbi."

Siku ya kura ikafika. Wanyama walijipanga tangu umande haujakauka, kimya, kila mmoja ameficha kokoto mkononi au shavuni. Ngiri alizunguka vichuguu akitega sikio. Hakusikia kitu. Akatega lingine. Kimya.

Mchana Mbogo alikuwa tayari uwanjani, amevaa joho jekundu. Ngoma kubwa iliwekwa kando yake, ipigwe kila kata itakapotajwa kuwa yake. Kila kata ilikuwa na kiti kimoja katika baraza la jimbo, na chama chenye viti vingi ndicho kilichotoa Mkuu wa Jimbo. Hondohondo, mpeleka habari wa jimbo, alikuwa akiruka kutoka kata hadi kata na kurudi.

Pu, pu, pu, mabawa yake yakasikika. Akatua.

"Kata ya Kichakani!" alilia. "Chama cha Chemchemi!"

Mbogo akacheka. "Digidigi hao. Hawana akili. Endelea."

"Kata ya Mwambani! Chama cha Chemchemi!"

"Pimbi!" alisema Mbogo, akitafuta kwa macho. Bi Pimbi alikuwa amejikunyata nyuma ya mguu wa Twiga.

"Kata ya Matopeni! Chama cha Chemchemi! Kata ya Mitini! Chama cha Chemchemi!"

"Tumbili? Walionitundikia maua?" Mpiga ngoma akaweka vijiti chini taratibu.

"Kata ya Nyasindefu, swala na punda milia! Chemchemi!"

"Wenye wimbo!" Mbogo akasimama. "Punda milia wenye wimbo!"

Umati haukushangilia. Walikuwa hawajaamini. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyelitia kokoto lake kwenye tone la maji, na sasa walitazamana kama watu walioamshwa pamoja kutoka katika ndoto moja.

"Imebaki Malishoni," alisema Mbogo. "Kwetu. Nyumbani kwangu." Akajikaza, akaweka joho sawa.

Hondohondo alikawia sana kurudi. Aliporudi alitua mbali kidogo na pembe.

"Kata ya Malishoni. Chama cha Chemchemi. Kwa kokoto moja."

Kishindo kilichofuata, wanangu, kilisikika majimbo ya jirani. Walipiga kelele, wakaruka, wakakumbatiana, "Wooo! Wooo!", kata zote, viti vyote, hakikubaki hata kimoja! Mama yake Mhanga aliinuliwa juu juu. Mhanga mwenyewe alijichimbia shimo kwa aibu, ikabidi avutwe miguu atoke.

Mbogo hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa akirudia, "Kwa kokoto moja. Nani? Malishoni, nani?"

"Mimi," alisema Bi Mbogo.

Kelele zikakoma, zii!

"Wewe? Mke wangu?"

"Mimi, Baba Ndama. Kila siku nateka maji safi, mengi, peke yangu. Hakuna wa kuniuliza nimelalaje. Zamani nilikuwa nikichelewa kurudi kutoka chemchemini mpaka mama ananigombeza. Sasa nawahi kurudi kama mtumwa." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nimechoka kunywa maji peke yangu."

Mbogo akageuka, akamwona Bi Pimbi. "Ulinidanganya."

Bi Pimbi akatoka nyuma ya mguu wa Twiga. Hakupiga goti.

"Nilikutega, Mbogo, hilo sikatai. Lakini ulitaka kujua kama unapendwa. Umejua."

Ngiri akainua meno. "Nimshughulikie, Mkuu?"

Mbogo akatazama umati ule, nao ukamtazama, na safari hii hakuna aliyeinamisha kichwa. Akavua joho.

"Usiniite mkuu," alimwambia Ngiri. "Mkuu ni yule mwenye udongo masikioni."

Bi Mbogo hakungoja hotuba. Alishuka moja kwa moja hadi chemchemini, akaanza kung'oa miiba kwa meno. Swala wakamfuata, kisha kobe, kisha wote. Mzizi mkubwa wa ua ukawashinda. Wakavuta, wapi! Ndipo Mbogo alipokuja, bila kuitwa, akaingiza pembe chini yake, akausukuma. Kraaa! Ukang'oka.

Jimbo zima likanywa. Bi Pimbi alikunywa mwisho, akakaa ukingoni akiwatazama. Maji yalikuwa yale yale, baridi yale yale. Wanywaji ndio hawakuwa wale wale. Nafasi ya kobe wazee ilikuwa tupu, na nafasi ya mumewe pia, na watoto waliokuwa wakirushiana maji hawakujua kwamba zamani mchezo ule ulikuwa na jina lake. Akavuta kanga yake, akashuka kuwafundisha.

Wanangu, anayeogopwa huimbiwa na wote, lakini anayependwa hujulikana pale watu wasipotazamwa.