Masale Yaliyotembea Taratibu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kushtakiana kama sisi, Mzee Tembo alipakana shamba na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe, kama sungura aliyekatwa masikio, na mkia hana. Wewe unayecheka, ngoja kwanza.

Mpaka wao ulikuwa wa masale. Kule mlimani hawakuweka ukuta wala waya. Walipanda mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani, na mstari huo uliheshimiwa na wote. Tena sale lilikuwa na kazi ya pili. Ukimkosea mtu, unamletea jani lake mkononi na kutamka kosa lako, naye hawezi kukunyima msamaha. Kumbukeni hilo la jani.

Bi Pimbi alikuwa mjane mwenye kishamba cha karanga na wajukuu arobaini. Karanga zile ndizo zilizokuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Sasa, kila baada ya palizi, Mzee Tembo alikuja mpakani. Anatazama huku, anatazama kule. Ng'wa! Anang'oa masale kwa mkonga, anayapanda hatua moja mbele, anajiendea zake. Hatua moja ya tembo, wanangu! Hapo kwa Bi Pimbi yameondoka matuta mawili mazima.

"Jirani, mpaka umesogea," Bi Pimbi akamwambia.

"Lo! Umesogea?" Tembo akashangaa, mnafiki mkubwa yule. "Labda udongo unateremka. Na kama umesogea, mama, ni kidogo tu. Kweli tugombane kwa kidogo?"

Palizi ya pili, ng'wa! Palizi ya tatu, ng'wa! Nusu ya karanga ikawa upande wa Tembo, na wajukuu wakaanza kulala na uji wa maji matupu. Palizi moja zaidi, na masale yangeingia jikoni. Bi Pimbi akajifunga kanga kiunoni, akaenda barazani kwa hakimu, Bwana Nyati.

Nyati alikuwa mkali, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Akisikia Kiingereza analegea. Hakukijua hata neno, na aliona aibu kusema hivyo. Tembo alilijua hilo, kwa hiyo alikuja na Kasuku, aliyewahi kufugwa nyumbani kwa mwalimu na akarudi porini na miwani.

Kasuku akasoma ripoti yake ya mpaka kwa Kiingereza kuanzia asubuhi hadi jua la utosi. Mimi sitawaigizia, mate yataruka. Baraza zima likapiga makofi, pa pa pa! Hakuna aliyeelewa kitu.

"Sasa natafsiri," akasema Kasuku. "Mpaka umeonyesha msogeo mdogo. Msogeo huo ni wa taratibu. Aidha, shamba la Bi Pimbi linapungua kwa kiasi, tena kwa utulivu."

"Kwa utulivu!" Nyati akatikisa pembe. "Kumbe hakuna fujo."

"Mheshimiwa, wajukuu wangu wana njaa," akasema Bi Pimbi.

"Njaa ya namna gani?" Kasuku akauliza, kalamu mkononi.

"Njaa!"

"Ya ghafla, au inaongezeka polepole?"

"Inauma!"

"Hilo halina mahali pa kuandikwa," akasema Kasuku, akafunga daftari.

Nyati akatoa hukumu: "Kinachosogea kidogo na kwa taratibu hakijachukuliwa na mtu. Kimesogea chenyewe." Akagonga muhuri wa kwato, pa!

Bi Pimbi machozi yalimlengalenga, ila hakulia mbele yao. Akasema tu, "Naomba nakala, Mheshimiwa."

Wakamcheka mpaka mavumbi yakatimka. Pimbi na nakala! Lakini akapewa.

Kesho yake akachukua kibakuli cha karanga za kukaanga, za mwisho mwisho, akaenda kwa Kasuku.

"Mwalimu, hicho Kiingereza chenu kimeninyang'anya shamba. Hebu nifundishe kinavyofanya kazi."

Kasuku, kwa kupenda sifa na karanga, akavimba. "Sikiliza, mama. Jambo likibadilika, wenye Kiingereza wana ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya ukubwa: kidogo sana, kidogo, kiasi, sana, kupita kiasi. Ya pili ni ya mwendo: polepole, taratibu, haraka, ghafla. Neno unaweza kukivalisha kitu chenyewe, useme upungufu mdogo. Au ukalifunga kwenye tendo, useme limepungua kidogo. Ukishuka ngazi vizuri, hata mafuriko yanasikika kama umande."

"Na mwizi yuko ngazi gani?"

Kasuku akatafuna, akameza. "Mwizi hayumo. Ndiyo raha yake."

Bi Pimbi akaenda nyumbani anatabasamu, na mtu aliyenyang'anywa shamba akitabasamu, kaeni macho.

Mzee Tembo alikuwa na desturi ya kulala mchana baada ya kula. Khooo-rrr! Hata mgomba ukimwangukia haamki. Siku hiyo hiyo wajukuu arobaini wakajipanga mpakani na meno yao. Kru, kru, kru! Wakakata masale, wakayachomeka tena upande wa Tembo. Sale si jeuri, ukilichomeka ardhini linashika. Waliyasogeza hatua moja tu, ya pimbi. Kesho hatua moja. Keshokutwa hatua moja. Tumbo likiwauma, wanatafuna majani ya porini na kazi inaendelea.

Tembo akaanza kushuku. "Kasuku, mbona masale kama yananikaribia?"

Kasuku akapima, akaandika. "Mabadiliko madogo sana, Mzee. Tena ya polepole."

"Ah, kama ni madogo," Tembo akapiga miayo. Khooo-rrr! Maneno yale aliyalipia mwenyewe, angewezaje kuyakataa?

Miezi ikapita, masale yakafika pale pale yalipopandwa zamani. Wajukuu wakakaa chini. "Bibi, tumefika kwetu. Tupumzike."

"Simameni!" Bi Pimbi akafoka. "Hukumu ya Nyati bado ipo. Tukiishia hapa, palizi ijayo anarudi. Kateni!"

Kru, kru, kru! Masale yakapita kwenye viazi vya Tembo, yakapita kwenye migomba yake, yakaingia uwanjani kwake. Mchana mmoja Tembo akaamka, akataka kujigeuza, akachomwa na kitu tumboni. Masale! Yamemzunguka kiuno. Kichwa kiko kwake, makalio yako kwa jirani.

"Hodi," akasema Bi Pimbi akiwa nyuma ya mkia wake. "Mzee, naomba uondoe mzigo wako shambani kwangu."

Tembo akapiga yowe, akakimbia mpaka barazani, vishindo du, du, du! "Mheshimiwa! Wizi! Wizi mkubwa! Wa ghafla!"

"Ghafla hapana," akasema Kasuku, akifungua daftari. "Nimekuarifu kila siku."

Bi Pimbi akatoa nakala yake, akamkabidhi hakimu. Nyati akasoma kwa sauti iliyokuwa ikififia: "Kinachosogea kidogo na kwa taratibu... hakijachukuliwa na mtu..."

"Futa hukumu hiyo!" Tembo akanguruma.

"Ikifutwa," akasema Bi Pimbi, "masale yote yatarudi yalipopandwa na wazee wetu."

"Yarudi! Yarudi leo hii!"

Muhuri, pa! Ndipo Tembo alipokumbuka zile hatua zake tatu.

"Bado kitu kimoja," akasema Bi Pimbi, akaketi.

Baraza zima likamtazama Tembo. Akachuma jani la sale, akaja nalo kwenye mkonga, akainama mbele ya kile kiumbe kisicho na mkia.

"Jirani, nimekosa kidogo."

Bi Pimbi hakunyoosha mkono. "Sijasikia."

"Nimekosa kwa kiasi fulani."

"Sijasikia."

Tembo akamgeukia Kasuku, amsaidie neno. Kasuku akavua miwani, akaifuta, akatazama kwingine.

"Nimeiba," akasema Tembo.

Bi Pimbi akalipokea jani, akawaambia wajukuu wakawashe moto wa karanga.

Basi wanangu, anayekuibia polepole kwa maneno laini amekuibia tu, mwite mwizi mapema.