Amin Iliyozuiwa na Kicheko Kilichozidi

Inasimuliwa katika habari za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu na atunufaishe kwa mwenendo wao, kwamba katika mji wa Ain Sidra, huko nchi za Khorasani, alikuwako mtu aitwaye Shuaibu bin Mazini, muuza dengu za kukaanga. Alikuwa mcha Mungu wa kweli. Swala ya jamaa haikumpita, saumu za Jumatatu na Alhamisi hakuziacha, na mwenye njaa hakuondoka mlangoni kwake mikono mitupu. Ila alijaaliwa ulimi mwepesi. Aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote, tangu mnadi wa sokoni hadi mama mkwe wake, na watu walikuwa wakinunua dengu zake hali wameshiba, ilimradi wapate kusimama pale wacheke kidogo. Wala tusidhani kwamba waja wema wote walikuwa wamenuna. Wako waliomwendea Mola wao wakitabasamu.

Mji ule ulikuwa na malisho ya wakfu. Bibi mmoja mwema wa zamani aliyatoa kwa ajili ya mbuzi wa wajane na mayatima, ili watoto wasio na baba wasikose maziwa. Mambo yakaenda kwa amani mpaka akaja mtawala mpya, Amiri Hayani, naye akazipenda nyasi zile kwa farasi wake. Akaweka walinzi, mbuzi wakafukuzwa. Haukupita muda mrefu wajane wakawa wanakamua matone, na watoto wakanywa uji mtupu.

Wazee wa mji walikwenda kwa Amiri kwa adabu zote, wakatoa salamu, wakaeleza shida yao. Amiri hakuwajibu kwa kinywa chake. Alikuwa na kigugumizi kizito tangu utotoni, nacho kilijulikana mji mzima, na mbele za watu alisemewa na msemaji wake, bwana mmoja mwenye sauti nene na tumbo la kulingana nayo. Msemaji akawaambia, "Amiri amesikia." Wakarudi makwao. Wakaenda tena, Amiri akasikia tena, na farasi wakaendelea kunenepa.

Ndipo wakamwendea Shekhe Kutaiba, khatibu wa msikiti mkuu, wakamtaka aache kumwombea Amiri katika hotuba ya Ijumaa. Shekhe akatikisa kichwa.

"Kumwombea kiongozi wetu sitaacha," alisema, "maana akiongoka yeye tutapumzika sote. Lakini dua ni yangu, na Amin ni zenu. Sina mamlaka juu ya midomo yenu."

Wazee wakatazamana. Shuaibu, ambaye alikuwa amekaa nyuma yao, aliona tabasamu likipita kutoka ndevu moja hadi nyingine.

Ijumaa ilipofika, msikiti ulijaa hadi uani. Amiri alikuwa ndani ya maksura, kile chumba kidogo cha kimia kilicho karibu na mimbari, ambamo watawala walikuwa wakiswali. Shekhe akawaombea wagonjwa, na Amin ikatikisa nguzo. Akawaombea wasafiri, Amin ikatikisa tena. Akainua mikono akamwombea Amiri Hayani hekima na huruma, na hapo pakawa kimya. Njiwa walisikika wakitembea juu ya paa. Shuaibu alihisi moyo wake ukijaa furaha ambayo hakuwahi kuionja, kwani mji mzima, bila tusi na bila jiwe, ulikuwa umemwambia mtawala wake kwamba haukuridhika. Siku ile hapakuwa na mazungumzo mengine sokoni isipokuwa malisho ya wajane. Hata baadhi ya walinzi walikiri kwamba jambo lile halikuwa la haki.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa vilevile. Wagonjwa wakapata Amin yao, wasafiri wakapata yao, na lilipotajwa jina la Amiri watu wakanyamaza. Kimya kilikuwa kizito kuliko cha kwanza. Na hapo ndipo shetani alipompitia Shuaibu. Ulimi ulimwasha. Kabla hajajizuia, ilimtoka sauti ya Amiri mwenyewe, kigugumizi na vyote: "A-a-a-a-a..." na hiyo Amin asiifikishe mwisho.

Msikiti ukaangua kicheko. Watu wazima walishika mbavu zao, na nyuma ya pazia la wanawake vilisikika vifijo kama vya arusi. Shekhe Kutaiba peke yake hakucheka. Amiri akatoka kwenye maksura yake akiwa peku, viatu amevisahau, na wanaomjua walisema masikio yake yalikuwa mekundu.

Shuaibu alirudi kwenye genge lake akiwa shujaa. Kila mteja alimwambia, "Hebu tena, Shuaibu." Alifanya tena, na tena. Lakini alasiri, alipokuwa akigeuza dengu kwenye chungu, alipigwa na jambo moja. Tangu watu watoke msikitini hakuna hata mmoja aliyetaja malisho. Wote walikuwa wakitaja ulimi wa Amiri. Akaona haya, akainama juu ya chungu ili watu wadhani ni moshi.

Kabla ya Magharibi msemaji akapita sokoni akipiga mbiu. Shekhe Kutaiba amekamatwa. Kesho atasimamishwa mbele ya kadhi kwa kosa la kuuchochea mji umdharau mtawala wake, na asipotolewa yule aliyemdhihaki Amiri, basi Shekhe atafukuzwa mjini na hatarudi tena maisha yake. Naye mdhihaki akipatikana atachapwa mijeledi hapo hapo sokoni.

Shuaibu alifunga genge akaenda nyumbani. Mkewe, Bi Rabab, alimtazama usoni akaacha kusaga nafaka.

"Hakuna atakayenitaja," Shuaibu alimwambia. "Watu wananipenda."

"Najua wanakupenda, mume wangu. Mimi pia nilicheka, na Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikachechemea kurudi nyumbani."

"Basi unaonaje?"

"Sina la kuona. Nakuuliza tu: Ijumaa ijayo utaswali nyuma ya nani?"

Shuaibu alimjua mkewe, akikuuliza swali moja, hakuna haja ya kungoja la pili.

Asubuhi mji wote ulikusanyika katika ua wa msikiti. Kadhi Wakii, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alikaa juu ya mkeka wake. Upande mmoja alikaa Amiri Hayani na msemaji wake, na upande wa pili alisimama Shekhe Kutaiba, mikono imefungwa, uso umetulia. Msemaji akanguruma kwamba kunyima Amin ni dharau, na kuiga sauti ya Amiri ni dharau, na kwamba yote mawili ni kosa moja lililopikwa katika chungu kimoja na khatibu yule.

Kadhi akauliza nani aliyetoa ile sauti. Akasimama Mzee Faraji, mkubwa wa wazee wa mji, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema, "sauti ile ilikuwa ya mbuzi."

Ua mzima ukashusha pumzi.

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa mjane mmoja. Amekosa malisho, akaingia msikitini kutafuta majani. Akalia."

Lo, Shuaibu alikaribia kucheka. Wazee walikuwa wamelipanga jambo hilo vizuri mno. Uongo wenyewe ulikuwa mtamu, ulimwokoa Shekhe, uliuokoa mgongo wake yeye, na tena ulimchoma Amiri kwa habari ya malisho. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ambayo ilikuwa imemshinda Ijumaa.

"Uko tayari kuapa kwa Mwenyezi Mungu?" Kadhi aliuliza.

Mzee Faraji akaanza kuinua mkono. Mtu aliyeishi umri wake wote hajachafua kiapo, sasa anakwenda kukichafua kwa sababu ya mzaha wa muuza dengu. Hapo Shuaibu hakuweza tena kuvumilia. Alipenya katikati ya watu akasimama mbele ya mkeka.

"Mheshimiwa Kadhi, usimwapishe mzee huyu. Mbuzi huyo ni mimi."

Baadhi ya watu walicheka, wengine wakaanza kulia. Kadhi Wakii alimtazama Mzee Faraji. "Shusha mkono, baba, ukamshukuru Mola wako." Kisha akamgeukia Shuaibu. "Nani alikutuma?"

"Hakuna. Shekhe hakujua, wala mimi mwenyewe sikujua mpaka ilipokwisha kutoka."

"Je, ulinyima Amin?"

"Niliinyima, na wale farasi wakiwa bado malishoni nitainyima tena. Hilo sitalitubia."

"Na sauti?"

Shuaibu alimgeukia Amiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama kwa karibu, na alimwona ni mtu mwenye macho ya uchovu.

"Hiyo natubia, ewe Amiri. Farasi uliwaingiza malishoni kwa amri yako, na kwa hilo nina haki ya kukulaumu. Ulimi wako hukujiumbia. Nilimcheka Aliyeuumba, nami sikujua. Nisamehe, na kama hutasamehe, mgongo wangu huu hapa."

Kadhi akatoa hukumu. Alisema kwamba Amin ni ya moyo na hakuna sultani anayeweza kuidai, kwa hiyo aliyeizuia hakutenda kosa, na Shekhe Kutaiba afunguliwe mikono. Ama kumdhihaki mtu kwa maumbile yake, hilo ni kosa, awe ni mtawala au mbeba maji, na aliyedhihakiwa ana haki ya kusamehe au kudai adhabu. "Ila haki hii ni ya mwenyewe," akaongeza. "Haidaiwi kwa msemaji. Amiri, sema wewe."

Msemaji alifungua kinywa akakifunga. Amiri Hayani akasimama. Midomo ikaanza kutafuta neno, likakwama. Watu walingoja. Shuaibu, ambaye alizijua njia zote za kuifanya sauti ile, alijikuta akiomba kimoyomoyo kwamba neno litoke salama.

"M-m-mimi," Amiri alisema hatimaye, "tangu m-mtoto ni wa kuchekwa. Mliponyamaza ile Ijumaa ya kwanza, nilidhani m-mnanidhihaki. Nilidhani mnaniambia, haya, s-sema wewe basi. Ndiyo maana sikuwaondoa farasi. Nilisema nikiwaondoa w-watanicheka zaidi."

Mjane mmoja akapaza sauti kutoka upande wa wanawake. "Hatukukucheka, baba. Tulikuwa na njaa."

Amiri alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha.

"Hilo," alisema, "n-ningelielewa mapema, lau huyu mbuzi asingelia."

Ilichukua kitambo watu kutambua kwamba Amiri wao amefanya mzaha. Kicheko kilipoanza, yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza. Kisha akatamka hukumu yake, polepole, na hakuna aliyemkatiza. Farasi watoke malishoni siku ile ile. Na Shuaibu hasamehewi bure: atawachunga farasi hao huko milimani mpaka mvua zinyeshe.

Basi ikawa siku ya furaha isiyo na mfano. Saa ambayo farasi wanatolewa ndiyo saa ambayo wajane walikuja mbio na mbuzi wao, wakakutana langoni, kwato na pembe na vigelegele vimechanganyika. Shuaibu alikuwa katikati ameshika hatamu asizojua kuzishika, farasi mmoja mweusi akitafuna kilemba chake. Bi Rabab alimpa mfuko wa dengu, akamwambia awe na adabu na wanyama.

Huko milimani Amiri alikuwa akipanda mara kwa mara kuwatazama farasi wake, bila msemaji. Walikuwa wakikaa juu ya jiwe, Amiri akisimulia na Shuaibu akisikiliza. Mvua ziliponyesha na Shuaibu akarudi mjini, wateja walimzunguka wakamtaka awachekeshe, wakamuuliza kama yuko mwingine katika mji ule anayejua kuchekesha kama yeye.

"Yuko anayenishinda mbali," alijibu. "Amiri Hayani. Ila mumngoje mpaka amalize."

Ndugu zangu, tuzingatie. Mja yule aliinyima Amin asiogope, na alipokosea akasimama asiogope, na hakuruhusu toba ya kosa lake imnyang'anye haki yake. Wengi wetu tunaloliweza ni moja tu: ama tunanyamazia dhuluma tukaita adabu, ama tunatukana tukaita ushujaa. Mola wetu atujaalie ndimi zinazowaambia wakubwa wetu ukweli wote, na masikio ya kuwangoja, nao wakiwa na la kusema, mpaka wamalize.