Nani Aliwafuta Watu wa Bi Zena

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme bali ya juzi tu, kompyuta zilipokwisha kuingia majumbani, katika mji wa Siyu aliishi Bi Zena binti Kupi. Alikuwa na daftari la marehemu wa ukoo: majina mia tatu na kumi na mawili, kwa herufi za Kiarabu alizoziongezea alama zake mwenyewe. Kila mwaka, siku ya hitima, majina yalisomwa yote, moja moja, ndipo dua ikaombwa. Asiyesomwa hakuombewa.

Bi Zena alikuwa na wajukuu watatu.

Wa kwanza, Shee, alizichora herufi za bibi yake na alama zote, akatengeneza fonti ya kuzionyesha kwenye kompyuta. Fonti akaifunga katika kifurushi, kifurushi akakiita zk-7, akakisakinisha kwenye kompyuta ya nyumbani iliyotumia mfumo huria. Kisha akaenda Mombasa kufanya kazi. Nakala nyingine hakuweka.

Wa pili, Mwanakombo, aliyachapa majina yote kwa miezi mitano. Alipomaliza, daftari lilikuwa limeliwa na mchwa. Akafanya inavyofanywa kwa karatasi zenye jina la Mungu: akalifunga kwa kitambaa cheupe, akalizika.

Wa tatu, Lali, aliitunza kompyuta. Diski ilipojaa, akaorodhesha vifurushi, akakuta fonti mia moja na tisini za lugha asizojua hata zinazungumzwa wapi. Akaandika kwenye kundi la familia: "Jamani, zk-7 ni ya nani? Naiondoa Jumapili." Hakuna aliyejibu. Shee aliusoma ujumbe akiwa kazini, akasema nitajibu, akasahau. Jumapili mfumo ukamuuliza Lali kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Siku ya hitima watu walijaa hadi barazani. Bi Zena, mgonjwa, aliletwa na kitanda chake. Mwanakombo akafungua faili.

Visanduku. Visanduku vitupu, mstari baada ya mstari, kurasa kumi na tatu. Bila zk-7, kompyuta haikuwa na sura za herufi za Bibi.

"Ala! Nini hiki? Teremsha chini!"

"Nimeteremsha, Lali! Hakuna mtu! Hakuna hata mmoja!"

"Soma, mwanangu," akasema Bi Zena. "Mbona husomi?"

Wakamwinua atazame skrini. Mkono wake ukaenda mdomoni, ukabaki hapo.

"Mume wangu yuko wapi?"

Mwanakombo akaelekeza kidole kwenye visanduku vitano. "Hapa, Bibi."

"Hivi? Hivi ndivyo Famau wangu?"

 Akalala tena, akageukia ukutani, akasema: "Aliyenifutia watu wangu asiandike jina langu."

Siku ya tatu akafa.

Shee akarudi, akazichora upya herufi kwa miezi minne. Marehemu wote wakaonekana. Mwaka ukazunguka. Likabaki jina moja la kuandikwa, la Bi Zena mwenyewe, na wajukuu watatu mbele ya kompyuta.

Lali akasema: "Mimi niliuliza mbele ya watu ishirini na sita. Nikangoja siku nne, mkanyamaza. Kosa langu liko wapi?"

"Kidole kilichobonyeza ni chako," akasema Mwanakombo.

"Na daftari ulilizika wewe, dada! Lingekuwapo tungesoma."

"Lilikuwa vumbi! Ulitaka nilitupe jaani? Nilifanya alivyonifundisha Bibi mwenyewe. Kosa langu liko wapi? Mwulize huyo mwerevu wetu. Zk-7! Hicho ni kifurushi au dawa ya mbu?"

Shee akasema: "Bila mimi kusingekuwa na kitu cha kufutwa. Na nimewarudisha wote. Anayewarudisha watu ndiye aliyewafuta? Kosa langu liko wapi?"

"Uliusoma ujumbe wangu," akasema Lali.

Shee akausogeza mshale hadi mwisho wa orodha.

Mstari wa mia tatu na kumi na tatu bado mtupu, na hitima ni kesho. Wawili wana haki ya kuandika. Mmoja lazima ainuke atoke.

Basi nyinyi mliosikia, niambieni: nani aliwafuta watu wa Bi Zena? Nani ainuke?