Oili ya Kwanza

Ndugu zangu, kuna bwana mmoja alijaliwa mambo mawili makubwa ndani ya mwaka mmoja: alioa, na akanunua pikipiki mpya. Mke alimpenda, msinielewe vibaya. Lakini ile pikipiki aliipenda kwa fujo. Asubuhi aliiosha kabla hajanawa uso. Nailoni aliyoikuta kwenye kiti hakutaka kuibandua, na mkewe, mwenye mimba ya miezi sita, akawa anapelekwa kliniki anateleza juu ya nailoni, amemshika mumewe kiunoni kwa mikono miwili.

Aliyemuuzia alimwambia, "Ukifika kilomita mia tano, pita kwa fundi. Amwage oili, akaze nati, aitazame cheni." Yule bwana akacheka moyoni. Kijiweni kwao pikipiki husifiwa kwa maneno mawili tu, haijaguswa spana, na yeye sifa hiyo hakuwa tayari kuipoteza. Akapita mia tano, akapita elfu. Aliyesikia kwanza ni mkewe.

"Mume wangu, huku nyuma kuna kitu kinagonga."

"Mpya hii. Kitu kipya hakichokonolewi."

Mke akakaza mikono kiunoni mwa mumewe. Haikuwa mara ya kwanza kujibiwa hivyo. Mwezi mmoja baada ya harusi alimwambia mumewe, kwa upole kabisa, "Kila jioni unapitia kwa mama, unakula huko. Hapa unafika umeshiba, mimi nakula peke yangu." Akajibiwa, "Ndoa bado changa, tusianze kuichokonoa." Tangu siku ile hakurudia tena, na yule bwana akakihesabu kile kimya kuwa ni amani. Jamani, wangapi humu ndani tumehesabu hivyo?

Basi siku ya kliniki, kwenye mteremko, cheni ikachomoka. Tairi la nyuma likakwama, pikipiki ikayumba, ikaenda kulala kwenye majani pembeni ya njia. Yule bwana akainuka mzima. Kugeuka, akamwona mkewe amekaa chini, mikono yote miwili tumboni, kimya, kama mtu anayesikiliza. Akapiga magoti mbele yake.

"Mtoto anacheza?"

"Subiri."

Wakasubiri. Sijui ni muda gani, lakini yeye aliuona mrefu kuliko mwaka mzima wa ndoa yake. Kisha mke akashusha pumzi. "Anacheza," akasema, na mume akalia pale pale njiani bila kuona haya.

Kliniki wakapimwa, wote salama. Ndipo akaikokota pikipiki mpaka kwa fundi, mke akitembea taratibu ubavuni. Fundi akaweka beseni chini, akafungua nati ya oili. Ikatoka nyeusi, imejaa chenga za chuma zinazometameta.

"Nani ameniharibia injini?"

"Hakuna aliyeiharibu, mdogo wangu," fundi akasema. "Vyuma vipya vikikutana lazima visuguane mpaka vizoeane. Chenga si kosa la mtu. Kosa ni kuziacha humo, maana zinaendelea kusaga."

Yule bwana akalitazama beseni. Akaibandua ile nailoni, akaikunja, akaitupa. Halafu akaenda kuchutama mbele ya mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

"Na nyumbani kwetu, kuna nini kimelegea?"

Macho ya mke yakajaa machozi. "Nilishakwambia, mume wangu. Mara moja."

"Niambie tena."

Jioni ile walikula pamoja, sahani moja.

Wapendwa, sisi tunadhani wawili wanaopendana hawasuguani. Wanasuguana, tena siku za mwanzo ndizo hasa, na Mungu hatuhesabii hilo kuwa dhambi. Lakini chenga tunaziacha ndani, tunang'arisha tangi, watu wanatusifu barabarani. Je, tunangoja mpaka cheni ichomoke, na aliye nyuma yetu ana mimba?

Leo ukifika nyumbani, usimuulize mwenzako kama mko sawa. Atasema ndiyo. Muulize ni jambo gani aliwahi kukuambia mara moja tu, kisha akanyamaza.