Goti la Bi Nyamizi

Kihwelo alipanda kutoka ukarani hadi ukurugenzi mkuu wa kampuni ya bima ya afya kwa jibu moja tu kwa kila mgonjwa aliyedai malipo: "Huu ugonjwa ulikuja nao."

Siku moja Bi Nyamizi, muuza vitumbua, aliingia ofisini kwake akichechemea.

"Mwanangu, nilijiunga goti likiwa bovu. Kumbe magonjwa ya zamani hamyalipii! Basi nirudishie michango yangu ya miaka tisa."

Kihwelo alishtuka. "Mama yangu, ulipojiunga ulikuwa buheri wa afya!"

"Hata goti?"

"Hasa goti!"

"Maneno matupu hayo. Andika."

Akaandika, akatia saini, akagonga na muhuri.

Bi Nyamizi akaifunga barua kwenye pindo la khanga.

"Ahsante, baba. Kesho napasuliwa goti kwa bima yenu. Ilibaki tu mkubwa athibitishe kwamba sikuja nalo bovu."