Shingo ya Salha

"Weusi usiokubali singo una neno." Mliusikia msemo huu jana chumbani kwa bi harusi, mkacheka, na leo mnaniuliza ulikotoka. Ulitoka katika mikono yangu hii, na sijivunii. Ilikuwa hivi.

Nilikuwa somo wa Salha binti Kombo, yaani kungwi wake, pale Wete. Siku saba kabla ya ndoa aliwekwa ndani, kama ilivyo ada, nami kila asubuhi nikimsinga, nikimsugua ngozi ing'are. Singo yangu ilikuwa na sifa mji mzima: liwa, karafuu, waridi kavu na marashi. Hakuna ngozi iliyonishinda mpaka nilipofika shingoni mwa Salha. Nyuma palikuwa peusi, pazito, kama mahameli. Nilidhani ni uchafu. Mama yake, Bi Mgeni, alidhani vivyo hivyo, akaona haya.

"Ijumaa wakwe wanakuja kumtazama," aliniambia. "Watasema mwanangu hajui kuoga. Sugua, somo."

Nikasugua. Siku ya tatu nikaongeza ndimu na dodoki. Siku ya nne ikatoka damu, weusi ukabaki pale pale. Na huku tunamlisha halua, tende na maziwa ya sukari, apate kunawiri. Salha akawa anamaliza mtungi wa maji peke yake na kwenda chooni kila mara. Tukasema ni joto la chumba. Wajuzi sisi, hatukosi jibu.

Alhamisi adhuhuri nilimwita, hakuitika sawasawa. Alikuwa anahema mbio, midomo imemkauka.

"Bi Mgeni, mtoto huyu aende hospitali."

"Bi harusi hatoki nje. Wakwe wakisikia, hawaji tena."

"Na wakija kesho, watamtazama nani?"

Alisimama mlangoni, ameshika miimo yote miwili. Nilimwogopa, maana alinizidi umri na nyumba ilikuwa yake. Kisha Salha akatapika, wala hakujifuta. Bi Mgeni akauachia mlango, akavua baibui lake na kumfunika mwanawe.

Hospitali walimchoma kidole, sukari ikapita kipimo cha mashine. Wakamtundikia dripu. Daktari alipoona vidonda vya shingoni, aliuliza nani kamfanya vile. Nikasema ni mimi, nilikuwa namtoa uchafu.

"Si uchafu, mama. Weusi huu mara nyingi huja mwili unaposhindwa na sukari. Weusi wenyewe ulikuwa unawaambieni tangu siku ya kwanza. Mngengoja kesho, mngemzika."

Nililia pale pale kwenye benchi, mbele za watu. Wakwe walikuja Ijumaa kama walivyoahidi, wakamtazama Salha wodini. Aliolewa miezi mitatu baadaye, na shingo yake vile vile.

Tangu hapo, kabla sijashika singo, natazama shingo kwanza, kisha nauliza: maji unakunywa kiasi gani? Kwenu nani ana sukari?

Wewe Zuwena, ulikuwa unacheka tangu nianze. Mbona sasa umeuvuta mtandio shingoni? Ushushe nikuone.

Usiogope, mwanangu, sina dodoki. Kesho asubuhi nitakupitia, twende tukapime. Weusi usiokubali singo una neno.